MKOLONI AMEONDOKA, KALAMU YAKE BADO INAGAWA VIBANJA VYETU

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu, Aliyeiumba ardhi na kuwaweka wanadamu juu yake wawe makhalifa. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake, Sahaba zake na kila aliyeshika mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.



Katika Suratun-Naml, aya ya 34, Qur'an inatusimulia jinsi Malkia wa Sabaa alivyowatahadharisha wakuu wa nchi yake kwamba wafalme waingiapo mji kwa nguvu huuharibu, na waliokuwa watukufu huwageuza kuwa madhalili. Aya hii ni fupi, lakini inatosha kueleza yaliyoupata ulimwengu tangu Wazungu walipoanza kuvuka bahari na kujitwalia nchi za watu. Tunapoisoma misikitini mwetu huwa tunakumbuka viboko, minyororo na kazi za kulazimishwa walizozisimulia babu zetu.

Yote hayo yalitokea na haifai kuyasahau. Hata hivyo, kiboko huumiza mgongo mmoja, na mwenye mgongo huo akifa, maumivu yake hufa naye. Kalamu ina umri mrefu zaidi. Makala haya yanakusudia kusema jambo moja tu: kwamba dhulma ya mkoloni iliyodumu kuliko zote hapa Buhaya ni ile aliyoiandika, kwanza katika karatasi za ardhi, kisha katika kitabu cha mila. Na kwamba sisi Waislamu wa Ngenge, Muleba na Bukoba yote, kila tunapomnyima binti au mjane fungu lake la kibanja kwa kisingizio cha mila ya wazee, tunatekeleza agizo lililotiwa wino na mkoloni, na tunaacha agizo la Allah (s.w.).

ARDHI "ISIYO NA MWENYEWE"

Mbinu ya kunyang'anya ardhi ilikuwa moja duniani kote. Kabla ya kuwafukuza wenyeji, mkoloni alitangaza kwanza kwamba hawapo, au wapo lakini hawahesabiki kuwa wenye nchi. Mwaka 1493, mwaka mmoja tu baada ya Columbus kufika visiwa vya Marekani, Papa Alexander VI alitoa hati ya kuikabidhi Hispania nchi hizo, ambazo hakuna aliyewauliza wenyewe. Wenyeji wa Marekani waliangamia kwa silaha, kwa kazi za machimboni na kwa maradhi ya ndui na surua waliyoletewa na wageni. Ilichukua muda wa miaka 530 hata Vatikani ikatamka rasmi, mwezi Machi 2023, kwamba inaikataa nadharia hiyo ya kwamba anayeigundua nchi ya wengine anakuwa na haki juu yake.

Australia ilikaliwa na Waingereza kuanzia mwaka 1788 kwa hoja kwamba ni nchi tupu, ingawa watu walikuwa wakiishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mtu mmoja wa visiwa vya Torres Strait, Eddie Mabo, alisimama na wenzake mahakamani kudai kwamba ardhi ya mababu zao ilikuwa na wenyewe. Alifariki dunia mwezi Januari 1992, na mwezi Juni mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Australia ikatoa hukumu iliyowapa ushindi. Haki ilifika, lakini iliwakuta wengi wako makaburini.

Hapa kwetu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885, mataifa ya Ulaya yaliwekeana kanuni za kuigawana Afrika, na hapakuwa na Mwafrika mezani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ukathibitisha mpaka upitao kaskazini yetu, ukawatenganisha jamaa na jamaa zao walioko Uganda. Kisha tarehe 26 Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani akatoa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyepewa madaraka ya kuamua ipi ina mwenyewe na ipi haina ni serikali yake hiyo hiyo.

Mtu wa Buhaya anaelewa upesi hatari ya maneno hayo. Kwetu kuna kibanja chenye migomba na mibuni, na kuna rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vijiji. Rweya haikuwa na ua wala nyumba, lakini kila mmoja aliijua kazi yake. Ng'ombe walilishwa huko, nyasi za kuezekea na za kutandika zilikatwa huko, na wanawake walilima huko njugumawe zao. Kwa jicho la mgeni, rweya ni pori tupu. Kwa jicho la mwenyeji, ni sehemu ya pili ya kibanja, na bila samadi ya ng'ombe waliolishwa huko migomba isingestawi.

Nchi hii haikuwa tupu wala haikuwa gizani. Speke na Grant walipofika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, walipokewa na Rumanyika, mfalme mwenye ufalme na utaratibu wake. Na kule Kafuro, katika Karagwe hiyo hiyo, wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walikwisha kuwatangulia na kuweka kituo. Kwa maneno mengine, adhana ilisikika magharibi ya Ziwa Viktoria kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa.

BENDERA BUKOBA NA MAJALIWA YA NYARUBANJA

Kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilianzishwa mwezi Novemba 1890 na Emin Pasha. Mtu huyu alizaliwa Ujerumani kwa jina la Eduard Schnitzer, akatumikia dola ya Waturuki na ya Misri, akajulikana kwa jina la Mehmed Emin, kisha akarudi kuitumikia Ujerumani. Tunalitaja jina lake ili vijana wetu wapate somo: jina la Kiislamu halimfanyi mtu kuwa mwadilifu. Tutalihitaji somo hilo tutakapojitazama wenyewe huko mbele.

Wajerumani hawakuleta walowezi wengi Bukoba kama walivyofanya Waingereza katika nyanda za juu za Kenya, ambako Wamasai waliondolewa katika malisho yao kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911. Wala Bukoba hapakutokea kama yale ya mwaka 1951, pale Waingereza walipowafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi nafasi, mpaka Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea watu wake. Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba sisi wa Kagera hatukunyang'anywa ardhi. Kauli hii inahitaji kusahihishwa.

Buhaya ilinyang'anywa ardhi kwa mkono wa ndani. Kabla ya Wazungu palikuwa na utaratibu wa nyarubanja, ambapo Mukama alimpa ndugu au mpendwa wake eneo la vibanja pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Watu hao wakawa watwarwa, yaani wapangaji katika ardhi ambayo pengine baba zao ndio walioifyeka. Walitoa ndizi, pombe na siku za kazi kwa bwana wao. Hatusemi kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki kabla ya mkoloni. Ulikuwa dhulma tangu hapo. Lakini ulikuwa na breki zake: mtawala aliyekithiri aliweza kukimbiwa na watu wake wakahamia nchi ya jirani, au ndugu zake wakampindua.

Mkoloni aliziondoa breki hizo. Abakama waliokubali kushirikiana naye, na Kahigi wa Kianja ndiye aliyejulikana zaidi kwa ushirika huo, walikingwa na bunduki za Wajerumani na baadhi yao wakaongezewa nchi. Mwaka 1897 ikatangazwa kodi ya nyumba, na kodi ilitaka fedha taslimu. Kahawa, ambayo kwa Wahaya ilikuwa ya kutafunwa, ya kumkirimu mgeni na ya kufungia udugu, ikawa zao la kuuzwa. Kibanja chenye mibuni kikawa na thamani ya fedha, na tamaa ya wakubwa ikaongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Nyarubanja zikapanuka. Aliyelala akiwa mwenye kibanja aliweza kuamka akiwa mtwarwa.

Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikaiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1926, katika enzi ya Gavana Donald Cameron, utawala kwa kupitia machifu ukatiwa sheria. Abakama wakawa watumishi wa serikali, wenye mahakama, makarani na daftari. Mtwarwa aliyedhulumiwa alikwenda kushtaki kwa nani? Kwa yule yule aliyemdhulumu, au kwa mkubwa wake.

Watu hawakunyamaza, na wazee wetu wa Kiislamu walikuwamo. Mwaka 1924 ilipoundwa Bukoba Bahaya Union, Suedi Kagasheki alikuwa miongoni mwa waasisi wake, bega kwa bega na wenzake Wakristo. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walizikataa waziwazi kanuni za kilimo walizopangiwa na serikali. Baadaye Ali Migeyo, mpigania uhuru wa TANU ambaye maisha yake yaliandikwa na G. Mutahaba katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, alifungwa gerezani na wakoloni kwa ajili ya msimamo wake. Wazee hawa walijua kwamba dhulma ya ardhi haiulizi dini ya anayedhulumiwa.

MILA ILIPOTIWA KITABUNI

Tumefika sasa kwenye kiini cha maneno yetu.

Mila za wazee hazikuwa zimeandikwa. Ziliishi katika vinywa vya watu na katika baraza za wazee wa ukoo. Ugomvi ulipotokea, wazee waliketi, wakamtazama marehemu alikuwa nani, mjane ana umri gani, watoto ni wangapi, nani alimuuguza mzee na nani alimkimbia. Kisha wakaamua. Uamuzi huo uliweza kuwa mbaya au mwema, lakini ulikuwa na nafasi ya huruma, na uliweza kubadilika kadiri watu walivyobadilika.

Serikali ya kikoloni haikuweza kutawala kwa kitu kinachobadilika. Ilitaka kanuni. Ndipo Hans Cory, mtaalamu wa mambo ya jamii aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, akishirikiana na M. M. Hartnoll, alipokusanya sheria za mila za Wahaya na kuzitoa katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1945. Waliohojiwa katika kazi za namna hiyo huwa ni wenye mamlaka: wazee na wakubwa wanaume. Mjane, mtwarwa na binti yatima hawakuwa na kiti katika baraza hilo. Kwa hiyo kilichoandikwa kuwa ni mila ya Wahaya kilikuwa ni mila kama walivyopenda ionekane wale walionufaika nayo, nacho kikawekwa mbele ya mahakimu.

Hatusemi kwamba kabla ya hapo binti wa Kihaya alikuwa akirithi kibanja cha ukoo kwa uhuru. La. Tunachosema ni kwamba kitu kilichokuwa laini kama udongo mbichi kilichomwa kikawa tofali. Uhuru ulipopatikana, taifa likalirithi tofali hilo. Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao utawala wa machifu ulifutwa, zilitangazwa kanuni za mirathi ya kimila katika Tangazo la Serikali Namba 436, na ndani yake ikasemwa kwamba mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo katika uhai wake lakini hana ruhusa ya kuiuza. Wana wa kiume walitangulizwa, na binti akawekwa daraja la mwisho.

Basi Muislamu wa leo anaposimama mbele ya matanga na kusema kwamba huu ndio utaratibu wa wazee wetu tangu enzi na enzi, ni vyema ajue kwamba sehemu ya maneno yake imetoka katika kitabu cha London.

SHERIA ZIMEBADILIKA, JE, NYOYO?

Nchi yetu imejitahidi kurekebisha. Mwaka 1965 ilipitishwa sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata sheria nyingine iliyopanua ukombozi huo kwa wapangaji wa kimila kwa jumla. Vijana wengi wa leo hata neno mtwarwa hawalijui, na hiyo ni neema.

Kisha ikaja kesi iliyotoka hapa hapa Muleba. Mwanamke mmoja wa Kihaya aliachiwa kibanja na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 alikiuza kwa mtu asiye wa ukoo wake, na ndugu wa ukoo wakamshtaki kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu kwamba mila inayomnyima mwanamke haki anayopewa mwanamume inapingana na Katiba. Kesi hiyo inasomwa leo katika vyuo vikuu vya Afrika na nje ya Afrika. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ikatamka kwamba mila yoyote inayowanyima wanawake haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Sasa tujiulize kwa uchungu. Jaji wa mahakama ya kiserikali, akitumia Katiba iliyotungwa na wanadamu, alitoa haki kwa binti wa Muleba mwaka 1990. Sisi tuliopewa Suratun-Nisaa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita tulikuwa wapi? Kwa nini mwanamke wa Kiislamu wa Ngenge, aliyedhulumiwa na kaka yake anayeswali safu ya mbele, akimbilie mahakamani kutafuta kile ambacho imamu angetakiwa kukisema siku ya tatu ya msiba?

HOJA YA UKOO

Wako ndugu zetu wanaotetea utaratibu huo, na hoja zao tuzisikilize kwa heshima. Wanasema: binti ataolewa, na kibanja kitaingia mikononi mwa ukoo wa mumewe. Makaburi ya wazee wetu yamo humo kibanjani, tuyaache yalindwe na wageni? Wanasema pia kwamba vibanja vimekuwa vidogo, na kuvigawa zaidi ni kuviua.

Hoja ya makaburi ni nzito kwa kila Mhaya. Lakini tuangalie ni nani hasa wanaoviuza vibanja vya ukoo. Mara nyingi ni wana wa kiume waliorithi peke yao, wakakosa ada ya shule au fedha za anasa, wakauza mpaka ule upande wenye makaburi. Ukoo hauharibiwi na binti anayepewa fungu lake, unaharibiwa na ukosefu wa uadilifu.

Ama hoja ya udogo wa kibanja, Sheria ya Kiislamu haikulazimisha kila mti wa mgomba ukatwe vipande. Warithi wanaweza kukimiliki kwa shirika na kugawana mavuno. Wanaweza kukithaminisha, na kaka akamlipa dada yake thamani ya fungu lake kwa bei ya haki na kwa ridhaa yake. Lililoharamishwa ni kumnyamazisha kwa sukari kilo mbili na doti ya khanga, kisha tukasema amesamehe. Anayeambiwa asamehe kabla hajakabidhiwa chake, na akijua kwamba akikataa atatengwa na ndugu zake, huyo ametishwa, hakusamehe.

HUKUMU YA ALLAH (S.W.)

Suratun-Nisaa, aya ya 7, imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa wa karibu, na wanawake nao wana fungu, liwe kidogo au kingi, nalo ni fungu lililofaradhiwa. Neno faradhi tunalijua. Tunalitumia kwa swala tano na kwa funga ya Ramadhani. Aya ya 10 ya sura hiyo inawaonya wanaokula mali za mayatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Na aya ya 19 inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, jambo linalowahusu moja kwa moja wale wanaomwambia mjane achague: aolewe na shemeji au afunge virago.

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yana tukio linalofanana na yetu kama pacha. Baada ya vita vya Uhud, mjane wa Sahaba Saad bin Rabii (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akiwa na mabinti zake wawili, akaeleza kwamba baba yao ameuawa shahidi na ami yao amechukua mali yote. Aya ya mirathi ikateremka. Mtume (s.a.w.) akamwita ami yule na kumwamuru awape mabinti wale theluthi mbili, mama yao thumuni, na kitakachobaki kiwe chake. Ami hakunyimwa chake. Alizuiwa tu kula cha wenzake.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kwanza yalipwe madeni yake, kisha wosia wake halali. Kilichobaki kigawanywe mafungu 40. Mke anapata thumuni, yaani mafungu 5. Kila mwana wa kiume anapata 14, na binti anapata 7. Hesabu hii inafanyika juu ya mkeka msikitini kwa dakika chache. Haihitaji wakili, na haimwachi mtu yeyote mikono mitupu.

Na anayedhani kwamba shubiri mbili za mpaka ni jambo dogo, akumbuke Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Onyo hilo halikumtaja Mjerumani wala Muingereza. Linamhusu kila mwenye kusogeza mpaka, hata akiwa na jina zuri kuliko lile la Emin Pasha.

LA KUFANYA

Mageuzi tunayoyahubiri yasiishie katika kulaumu. Tunapendekeza mambo manne kwa kila jamaa ya msikiti, kuanzia Ngenge mpaka Bukoba mjini.

La kwanza, kila Muislamu mwenye mali aandike. Mtume (s.a.w.) amehimiza kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wosia wake uwe umeandikwa. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu katika sheria za nchi yetu mirathi ya Mwafrika inaweza kuendeshwa kwa mila ya kabila lake, mpaka ithibitike kwamba marehemu alikuwa Muislamu na kwamba kwa maandishi, kwa kauli au kwa mwenendo wa maisha yake alikusudia mali yake igawanywe Kiislamu. Yaani ukifa kimya, unaweza kurudishwa katika kanuni zile za mwaka 1963. Karatasi moja yenye saini yako na mashahidi waadilifu, inayotamka kwamba mali yako igawanywe kwa Sheria ya Kiislamu, itawafunga midomo wabishi. Ila tahadhari: wosia wa kumpa asiye mrithi usizidi theluthi, na mrithi asiongezewe juu ya fungu lake bila ridhaa ya wenzake.

La pili, maimamu wafundishe elimu ya mirathi. Imepungua mno katika vijiji vyetu. Darsa moja kwa mwezi baada ya swala ya Alasiri, wanaume na wanawake wakisikiliza, inatosha kuanza. Na msiba unapotokea, imamu asiondoke matanga hayajamalizika kabla hajauliza: wako wapi warithi, na yuko wapi binti aliyeolewa mbali?

La tatu, viwanja vya misikiti na madrasa viandikishwe. Umar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi Khaybar na kumshauri Mtume (s.a.w.), aliiweka wakfu kwa sharti kwamba isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi. Wazee wetu wengi walitoa viwanja kwa neno la mdomo, na mashahidi wakiisha kufa, wajukuu huja kudai. Sheria Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kupitia serikali ya kijiji, na wadhamini wa msikiti wanaweza kuandikishwa RITA. Mkoloni alitushinda kwa karatasi kwa sababu sisi hatukuwa nayo. Leo hatuna udhuru.

La nne, tuwe wa kwanza kumtetea jirani asiye Muislamu anapodhulumiwa ardhi yake. Kagasheki na wenzake hawakuuliza dini ya mwenzao walipokaa pamoja mwaka 1924. Uadilifu unaokomea mlangoni pa msikiti si uadilifu aliotufundisha Mtume (s.a.w.).

Ndugu zangu, tunayo haki ya kuidai Ulaya ikiri iliyoyafanya. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa maovu ya vita vya Majimaji, na madai ya mafuvu na mali zilizochukuliwa bado yanaendelea. Madai hayo ni ya haki, na yaendelee. Lakini dai huwa na nguvu linapotoka katika kinywa kisichodaiwa. Tutamwambiaje Mjerumani arudishe cha babu zetu, na shangazi yetu amekaa nyumba ya pili akikitazama kibanja cha baba yake kwa macho tu? Fungu lake hatuhitaji kulifuata Berlin. Liko hapa Ngenge, na funguo zake tunazo sisi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyala bila haki, atupe ujasiri wa kuyarudisha kabla ya siku ambayo malipo yake yatakuwa ni mema yetu, na awarehemu wazee wetu waliosimama dhidi ya dhulma. Amin.

Wabillahi tawfiq.